UZI: Picha za kale za Wajapani (miaka ya 1860 hadi 1930). Jinsi ya kujua unachokitazama

#1 Mtazamapicha

Wadau, picha za Japani ya zamani zinasambaa kila siku na maelezo yanayoambatana nazo mengi ni ya kutunga. "Samurai wa mwisho", "geisha 1860", "binti wa mfalme". Uzi huu ni wa kuisoma picha yenyewe. Utaratibu ninaoutetea: karatasi kwanza, nguo na nywele zifuate, maelezo yaliyoandikwa yasomwe mwisho kabisa.

Nyingi ya zinazozunguka ni za kundi moja, Yokohama shashin, yaani picha za Yokohama. Bandari hiyo ilifunguliwa kwa wageni 1859. Wajapani wenyewe hawakuchelewa: Ueno Hikoma kule Nagasaki na Shimooka Renjō hapo Yokohama wote walifungua studio 1862. Mpigapicha Felice Beato alifika 1863, akashirikiana na mchoraji Charles Wirgman. Wateja wakubwa wakawa watalii wa meli waliotaka kuondoka na Japani mkononi.

Walichouziwa ni albamu yenye majalada ya mbao yaliyopakwa laka, mengine yametiwa nakshi za pembe za ndovu na chaza, na ndani picha 50 au 100, kila moja sm 20 kwa 26 hivi. Sehemu moja mandhari, sehemu nyingine watu na desturi zao. Hao "watu na desturi" ni wanamitindo waliopangwa studioni. Ile picha maarufu ya msichana kwenye dhoruba, kimono kikipepea, haikupigwa kwenye mvua: pindo lilivutwa kwa nyuzi na michirizi ya mvua ikakwaruzwa kwenye negativu. Tazama miguu yake, sakafu ni kavu.

Karibuni tuongezee nyama.

#2 Mjukuu wa Pwani

Asante mkuu. Swali la kwanza: nitajuaje kama nilichonacho ni picha halisi ya enzi hizo au ni ukurasa uliokatwa kitabuni? Kwa macho zote ni za kahawia tu.

#3 Dk Karatasi

Tafuta lenzi ya kukuzia ya mara 10, ile ya masonara inatosha. Tazama sehemu ya kijivu isiyo na mchoro mwingi, kama anga au ukuta.

Ukiona nyuzinyuzi za karatasi chini ya utando mwembamba unaong'aa kidogo, na vivuli vinapanda na kushuka bila nukta yoyote, hiyo ni picha ya ute wa yai. Karatasi yake ni nyembamba sana, kwa hiyo karibu daima imebandikwa kwenye karatasi nene. Ikiwa huru inajikunja.

Ukiona vijichembe vilivyopindapinda kama matope yaliyokauka na kupasuka, ni kolotaipi, yaani chapa ya wino. Hapa Ogawa Kazumasa ndiye bingwa. Alisomea kazi hiyo Boston, akarudi Tokyo, na vitabu vyake vya miaka ya 1890 ni vizuri kiasi kwamba wauzaji wengi wanavikata na kuuza kurasa kama "picha halisi".

Nukta zilizopangwa kwa mistari: chapa ya kawaida ya magazeti na vitabu.

Hakuna nyuzi wala nukta, uso laini, na sehemu nyeusi zinatoa mng'ao wa kibuluu kama kioo ukiinamisha: jelatini na fedha, kwa kawaida kuanzia miaka ya 1890 kuja mbele.

Harufu, umanjano na mikunjo visikushughulishe. Hivyo hutengenezwa kwa chai na tanuri.

#4 Mtazamapicha

Niongeze namna ute wa yai unavyofanya kazi, maana ndiyo inayoeleza kasoro zake. Karatasi huwekwa ielee juu ya ute wa yai uliotiwa chumvi, inakaushwa. Siku ya kazi inawekwa ielee tena juu ya maji ya nitrati ya fedha, gizani. Kisha inabanwa kwenye fremu chini ya negativu ya kioo na kutolewa juani hadi taswira ijitokeze yenyewe. Baada ya hapo huoshwa kwa kloridi ya dhahabu ili rangi ihame kutoka wekundu kwenda zambarau-kahawia, hufungwa kwa "haipo" (hypo, kemikali inayozuia picha isiendelee kubadilika kwenye mwanga), halafu husuuzwa kwa muda mrefu.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, picha ni kubwa sawasawa na kioo chake, hakuna kukuza. Sm 20 kwa 26 ina maana kamera ilibeba kioo cha ukubwa huo. Pili, protini ya yai haitulii: sehemu nyeupe zinageuka manjano na kingo zinafifia. Kwa hiyo picha ya "1875" yenye weupe wa maziwa ni ya kutilia shaka, isipokuwa kama ilikaa albamuni bila kuona mwanga.

#5 Bi Mshono

Nije kwenye nguo, maana hapo ndipo watu wanapochezewa.

Kimono hukatwa kutoka jora moja lenye upana wa sm 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi. Vipande ni vinane: viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vya mbele vinavyopishana (okumi), ukosi na kifuniko cha ukosi. Mishono yote imenyooka. Ukiona pensi begani, mshono uliopinda kwapani au kiuno kilichochongwa, hilo ni gauni la kulalia la kuuzia Ulaya au vazi la jukwaani.

Upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya wa kulia, mwanamke na mwanamume sawa. Kinyume chake ni kwa maiti.

Mikono mirefu inayoning'inia, furisode, ni ya asiyeolewa. Mifupi ni ya aliyeolewa. Nembo za ukoo, mon, zikiwa tano (mgongoni moja, nyuma ya mikono mbili, kifuani mbili) vazi ni rasmi kabisa. Nyeusi yenye nembo tano si lazima iwe ya msiba, hata maharusi walivaa furisode nyeusi. Nimeona picha ya harusi imeandikwa "mjane wa Kijapani", tena kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi.

Obi ya mwanamke ina upana wa sm 30 hivi, hukunjwa katikati mbele ikabaki 15. Zile obi zilizorahisishwa, obi ya Nagoya na obi ya fukuro, ni za enzi ya Taishō (1912 hadi 1926) na kuendelea. Ukiweza kuitambua mojawapo, picha haiwezi kuwa ya 1880.

Mkunjo wa kiunoni chini ya obi, ohashori, nao ni kiashiria kizuri. Wanawake wa mwanzo wa enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) waliliacha vazi liburure ndani ya nyumba na kulipandisha wakitoka. Mkunjo wa kudumu, nadhifu, ulikuja kuwa desturi baadaye.

#6 Mjukuu wa Pwani

Bi Mshono shikamoo. Ninayo picha ya mtu mwenye panga mbili, vazi lake limefungwa kulia juu ya kushoto. Ni maiti?

#7 Bi Mshono

Marahaba. Yuko hai, picha ndiyo imegeuka. Angalia panga: zinavaliwa kushoto. Zikiwa kulia pamoja na ukosi kinyume, unatazama taswira iliyogeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Sababu ni tatu. Moja, dagereotaipi (picha za mwanzo za bamba la fedha) na picha za bati kwa kawaida hutoka zimegeuzwa, kwa sababu bamba lililokuwa ndani ya kamera ndilo picha yenyewe. Mbili, picha ya kioo chenyewe (kolodioni, yaani utando wa kemikali uliomwagwa kwenye kioo, hapa kioo cheusi) hugeuka ikitazamwa upande wa kemikali. Tatu, na hii ndiyo ya kila siku, mtu ameskani slaidi ya kioo au negativu upande usio wake.

Usikimbilie kuigeuza kwenye kompyuta. Wapo waliojua kamera itageuza, wakavaa kinyume na kuhamisha panga upande wa pili ili watoke sawa. Uamuzi unatolewa na maandishi: bango, feni, taa ya karatasi, nembo isiyo na ulinganifu. Herufi zikisomeka sawa, picha iko sawa.

#8 Ngome Kongwe

Kwa hao "samurai" tumieni sheria mbili. Septemba 1871 serikali iliruhusu watu kukata kishungi (fundo la nywele la samurai), na 1876 ikapiga marufuku kubeba panga hadharani isipokuwa kwa askari, polisi na wenye sare za sherehe. Kwa hiyo picha safi iliyopakwa rangi ya miaka ya 1880, mtu amevaa deraya kamili mbele ya pazia lililochorwa mlima, ni mwanamitindo aliyevishwa. Deraya mara nyingi haimkai: kofia inamlalia machoni, kamba za kidevu zimefungwa ovyo.

Ila msikatae kila kitu. Picha ya samurai wamesimama mbele ya Sphinx kule Misri, ambayo kila mara inaitwa ya kughushi, ni ya kweli. Ni ujumbe ulioongozwa na Ikeda Nagaoki ukielekea Ufaransa mwaka 1864, na aliyepiga ni Antonio Beato, ndugu yake Felice.

Wanaume wenye tatuu mwili mzima nao hubatizwa "yakuza". Wengi katika picha za Beato na za Stillfried, mpigapicha mwingine wa Yokohama, ni betto, watunza farasi waliokimbia mbele ya mabwana zao. Tatuu zilipigwa marufuku 1872.

#9 Kisanduku

Na geisha? Kila mwanamke mwenye kimono anaitwa geisha.

#10 Bi Mshono

Tazama fundo la obi. Likiwa mbele, pini za magamba ya ng'amba zimechomekwa kichwani nyingi kama miale, viatu virefu vyeusi vya laka, miguu haina soksi: huyo ni oiran, kahaba wa daraja la juu wa mtaa wenye leseni kama Yoshiwara kule Tokyo. Geisha hufunga nyuma na mapambo yake ni machache. Maiko wa Kyoto utamjua kwa obi inayoning'inia karibu na visigino, ina urefu wa zaidi ya mita 5. Wengine wote ni wanawake tu waliovaa nguo.

Nywele zinatoa tarehe vizuri kuliko nguo, kwa sababu kimono cha mama huvaliwa na binti lakini mtindo wa nywele hupitwa. Marumage, fundo la mviringo lililobapa, ni la walioolewa. Shimada ni la wasichana na geisha. Mafundo hayo mawili yalidumu muda mrefu, kwa hiyo peke yake hayakusaidii sana. Mwaka 1885 kilianza chama cha kuhimiza sokuhatsu, nywele za kufunga kwa namna ya Magharibi bila mafuta mazito ya nta. Miaka ya 1900 ikaja hisashigami, nywele zimetunishwa mbele mithili ya kofia. Mtindo uliotuna zaidi, wenye fundo juu utosini, uliitwa "kilima cha mita 203", jina la kilima kilichopiganiwa Port Arthur katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 hadi 1905. Miaka ya 1920 ni mimikakushi, mawimbi yanayofunika masikio.

Meno meusi, ohaguro: yanatengenezwa kwa chuma kilicholowekwa kwenye siki, kikachanganywa na unga wa uvimbe wa mmea wenye tanini. Jamii ya makabaila ilikatazwa 1870, na malkia akaacha hadharani 1873. Wanawake wa kawaida waliendelea miaka mingi, kwa hiyo meno meusi hayathibitishi kuwa picha ni ya kabla ya 1873. Kukosekana kwake nako hakuthibitishi kitu kama mdomo umefungwa, na kwenye picha hizi mdomo karibu wote umefungwa.

#11 Kisanduku

Rangi je? Nataka kumchorea mteja kimono kwa kufuata picha ya mpigapicha Kimbei, rangi zilezile.

#12 Dk Karatasi

Usifuate. Rangi ziliwekwa na mafundi baada ya picha kuchapwa, na nakala mbili za negativu moja zinaweza kuwa na kimono cha buluu hapa na chekundu kule. Picha inathibitisha ruwaza, mkato na ufungaji. Haithibitishi rangi. Ukitaka rangi, nenda kwenye vitambaa vilivyobaki makumbusho.

Ubora ulitofautiana kwa muda aliopewa fundi. Katika studio ya Adolfo Farsari fundi mmoja alitoa picha mbili au tatu kwa siku. Kwa upande mwingine mpigapicha Tamamura Kōzaburō alipokea 1896 oda ya mchapishaji wa Boston ya picha karibu milioni moja zilizopakwa kwa mkono, kwa ajili ya kitabu cha juzuu nyingi kuhusu Japani. Ndiyo maana kurasa za kitabu hicho zimejaa sokoni na hazistahili bei ya picha ya albamu.

Rangi ya mkono chini ya lenzi: chembe za rangi zimekaa juu ya utando, zinapita kidogo kingo za vazi, mpigo wa brashi unaonekana kwenye midomo na maua. Rangi za anilini hunywewa na karatasi, na waridi lake hufifia likiona mwanga. Picha iliyotiwa rangi na programu ya kompyuta ina ngozi za hudhurungi sare, mikono na ukuta vinashirikiana rangi, na obi inabadilika rangi katikati bila sababu.

#13 Ngome Kongwe

Jina la mpigapicha liwe la mwisho kuandika. Vioo vya negativu viliuzwa pamoja na studio. Beato aliuza yake 1877 kwa Stillfried na mwenzake Andersen. Farsari akanunua studio hiyo 1885, Februari 1886 ikaungua na negativu zikateketea, akazunguka nchi kupiga upya. Kusakabe Kimbei, aliyekuwa msaidizi na mpaka rangi kwa Beato na Stillfried, alipoanza yake mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliuza pia picha za mabwana zake wa zamani. Kwa hiyo albamu yenye lebo ya Kimbei yaweza kubeba picha ya Beato iliyopigwa miaka mingi nyuma.

Kinachosaidia ni namba na maelezo meupe yaliyoandikwa kwenye negativu, kwa kawaida chini pembeni. Linganisha umbo la herufi na namba na nakala yenye uhakika kwenye hifadhidata ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Nagasaki, au makusanyo ya New York Public Library. Pembe iliyokatwa ni dalili kwamba mtu ameondoa namba hiyo, au studio nyingine imefuta ya mwenzake.

Vilevile soma mandharinyuma. Riksho: si kabla ya mwisho wa miaka ya 1860. Treni Yokohama: 1872 kuja mbele. Mnara wa Ryōunkaku kule Asakusa: kati ya 1890 na tetemeko la Septemba 1, 1923, ambalo pia liliteketeza sehemu kubwa ya Yokohama na vioo vyake.

Kwa wanaouliza kama kwetu kulikuwa na biashara kama hii: ndiyo, studio za Zanzibar kama ya A.C. Gomes ziliuza watalii "aina za watu" vivyo hivyo. Maswali ya kuuliza ni yaleyale.

#14 Mjukuu wa Pwani

Kwenye kisanduku cha mbao kuna mwandiko wa wino: Meiji, mwaka wa 18. Ninahesabuje?

#15 Mtazamapicha

Meiji ongeza 1867, Taishō ongeza 1911, Shōwa ongeza 1925. Meiji 18 ni 1885. Tahadhari: hadi mwisho wa 1872 walitumia kalenda ya mwezi, kwa hiyo "mwezi wa 12" wa Meiji 4 unaangukia mwanzoni mwa 1872.

Kisanduku chepesi cha mti wa kiri chenye kioo ndani ni picha ya kolodioni, kawaida ya familia, siyo ya watalii. Mara nyingi jina na umri vimeandikwa. Umri ni wa hesabu ya zamani, mtoto anazaliwa ana mwaka mmoja, kwa hiyo punguza mmoja au miwili. Usifute upande wa kemikali hata kwa kitambaa laini, unaondoka na uso wa mtu.

#16 Kisanduku

Utunzaji kwa sisi wa Dar na Mombasa?

#17 Dk Karatasi

Lengo ni unyevu wa hewa asilimia 30 hadi 40 na joto chini ya nyuzi 20, na lisipande na kushuka. Pwani hufiki huko bila mashine, basi punguza madhara: sanduku la plastiki ya polipropilini lenye kifuniko cha mpira, silika jeli iliyokaushwa, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Kila picha kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi iliyopita jaribio la PAT (kipimo cha kuona kama karatasi inadhuru picha). Mifuko ya PVC inatoa gesi na kunata. Poliesta ni salama, isipokuwa kwa picha yenye rangi inayobanduka, kwa sababu umeme tuli wake unaivuta.

Usioshe kabisa picha iliyopakwa rangi. Maji huondoa rangi na kuupasua utando wa yai. Brashi laini kavu, basi. Laka ya jalada isipakwe mafuta wala spiriti.

Kunakili: albamu isibanwe kwenye skana, mgongo utavunjika. Iweke kwenye mto, ifunguke nyuzi 90 hadi 120, kamera juu yake. Taa mbili pembeni kwa nyuzi 45. Uso ukimeta, zishushe hadi 30. ISO 100, f/8, kadi ya kijivu kwenye fremu ya kwanza. Kwa picha ya sm 20 kwa 25, vitone 400 kwa inchi vinahitaji megapikseli 12 na nusu, 600 vinahitaji 28. Hifadhi TIFF, na usisahihishe umanjano kwenye faili mama.

#18 Mjukuu wa Pwani

Ya mwisho. Postikadi: mwanamke, mwavuli, nywele zimetuna mbele, rangi za mkono. Nyuma kuna mstari theluthi ya chini na herufi za Kijapani juu. Muuzaji anasema 1890.

#19 Ngome Kongwe

Haiwezekani. Kadi za watu binafsi ziliruhusiwa Oktoba 1900. Hadi 1907 nyuma ilikuwa ya anwani tu. 1907 wakaruhusu ujumbe kwenye theluthi moja, 1918 kwenye nusu. Mstari wako ni wa theluthi, kwa hiyo kadi ilichapwa kati ya 1907 na 1918, na hisashigami inakubaliana na miaka hiyo. Ukitaka kuhakiki, soma herufi zile kutoka kulia: はかき bila vinukta viwili kwenye か ni za kabla ya 1933, はがき ni za baadaye, na zikisomeka kutoka kushoto ni baada ya vita.

Ikague kwa lenzi, ikitoa vijichembe vya kolotaipi mlipe bei ya postikadi ya kawaida.

#20 Bi Mshono

Na utazame mwavuli. Wa karatasi na mianzi usikudanganye, ulitumika pia nje ya studio. Wa kitambaa na mbavu za chuma nao walitembea nao mjini miaka hiyo.